"Mali Ikiuzwa Hairudi": Je, Neno Hili Lafuta Haki?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Maswahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, zamani mtu alipotaka kununua kitu alikwenda dukani, akakishika, akakigeuza, akauliza bei, ndipo akatoa fedha zake. Leo soko limeingia katika simu. Mtu yu kitandani kwake Mombasa au Malindi, aona picha ya kitu kilichoko Nairobi, apeleka fedha kwa M-Pesa, na kesho yake aambiwa aende ofisi ya mabasi akachukue mzigo wake. Hii ni neema katika neema za Mwenyezi Mungu, nasi hatuikatai. Lakini pamoja na neema hii umezuka ugomvi mwingi. Mzigo wafika umevunjika, mnunuzi alia, muuzaji ajibu kwa maneno matatu tuyaonayo yamebandikwa katika maduka mengi: "Mali ikiuzwa hairudi." Basi mlango wafungwa, salamu zakatika, na watu wa kibla kimoja wawa maadui.

Tumeona yatupasa kulieleza jambo hili kwa mizani ya dini yetu, kwa kuwa katika miezi hii limeletwa mbele ya darasa letu, nasi tumelishuhudia kwa macho yetu.

Mama mmoja, mjane mwenye kulea mayatima, alinunua cherehani ya umeme kwa muuzaji wa Nairobi aliyeiona kwenye mtandao. Bei ilikuwa shilingi 23,000, na sehemu ya fedha hizo alikopa. Makusudio yake yalikuwa kushona kanzu na nguo za watoto kabla ya Idd, na watu walikwisha mpa vitambaa vyao. Cherehani ikaletwa kwa basi. Mama akalichukua sanduku jioni, akalifungua asubuhi, akakuta chuma cha kichwa kimepasuka. Akampigia simu muuzaji saa ile ile. Muuzaji, naye ni Mwislamu, akasema: "Mimi niliitia katika basi ikiwa nzima, na mali ikiuzwa hairudi." Watu wa basi wakamwonyesha maandishi katika risiti kuwa mzigo wasafirishwa kwa dhamana ya mwenyewe. Nduguye yule mama akataka isomwe Halbadiri. Vijana wa mtaani wakataka picha ya muuzaji isambazwe kwenye simu za watu na chini yake iandikwe "mwizi." Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu mama akasema, "Ngojeni kwanza tuwaulize watu wa darasa."

Basi na tulitazame jambo hili moja baada ya moja.

Jambo la kwanza ni hili: je, uuzaji wa namna hii wasihi? Wako waliosema kuwa haufai kwa sababu mnunuzi hakukiona kitu. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kauli yenye nguvu ni kuwa kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakiuzwi. Lakini kuuza kitu kwa sifa zilizodhibitiwa, kiwe ni deni juu ya muuzaji kukileta kama alivyokisifu, na fedha zitangulie, ni mlango unaojulikana kwa wanazuoni wote, nao waitwa salam. Na wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wameruhusu kuuza kitu kisichoonekana kwa kusifiwa, na mnunuzi akapewa khiyari pindi sifa zikikosekana. Tena mwaka 1990 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita mjini Jeddah, ilikata kuwa mapatano ya watu walio mbali mbali kwa maandishi na kwa vyombo vya kisasa yasihi, maadamu kauli ya mmoja imemfikia mwenziwe naye ameikubali. Kwa hivyo hatuwezi kumwambia mama huyu kuwa alikosea kununua. Lakini fahamuni kuwa uuzaji huu wote umesimama juu ya nguzo moja, nayo ni sifa. Sifa ikiwa uongo, nguzo imeanguka.

Jambo la pili ni wajibu wa muuzaji. Imam Muslim amepokea kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na majimaji. Alipomuuliza mwenye lundo akajibu kuwa ni mvua iliyolinyeshea. Mtume akamkemea kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake.

Ndugu zetu wauzaji, izingatieni hadithi hii vyema. Picha mnayoiweka kwenye simu ndiyo juu ya lundo. Katika soko la zamani mnunuzi aliweza kutia mkono wake ndani akajua. Leo mkono wake haufiki. Hana jicho ila jicho mlilompa, na hana khabari ila mliyomwandikia. Je, aibu hiyo yapungua kwa kuwa mnunuzi yu mbali? Bali yazidi! Asiyeweza kujilinda amana yake ni nzito zaidi kuliko ya anayeweza. Na katika hadithi ya Uqba bin Amir aliyoipokea Ibn Majah imekatazwa waziwazi Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu pasina kumbainishia. Mwenye kuweka picha ya kitu kipya akapeleka kilichotumika, mwenye kuuficha mkwaruzo kwa kupiga picha ya upande wa pili, mwenye kuchukua picha ya mali ya watu wengine akaiita yake, wote hao wameyafunika majimaji ya lundo.

Jambo la tatu, na hili ndilo shina la maneno yetu, ni lile tangazo la "mali ikiuzwa hairudi." Huenda akasema msemaji: "Hili ni sharti, na Waislamu wafungwa na masharti yao. Mnunuzi aliliona tangazo akanyamaza, basi ameridhika."

Twamjibu: Sharti hilo lina mahali pake. Mtu akinunua kitu kizima, kisicho na aibu, kisha roho yake ikageuka, akaona rangi haikumpendeza au nduguye amepata cha rahisi zaidi, hapo muuzaji hakulazimishwa kukirudisha. Mapatano yamekwisha. Lakini aibu ni jambo jingine. Wanazuoni wameieleza aibu kuwa ni kila upungufu wa kitu au wa thamani yake ambao wampotezea mtu makusudio sahihi, na ambao kwa desturi haupatikani katika kitu cha namna ile. Kitu chenye upungufu huo kikimfikia mnunuzi bila kuujua, sharia imempa khiyari ya kukirudisha. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh zetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameeleza mas-ala ya mtu aliyeuza kwa sharti kuwa haulizwi aibu yoyote. Kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo halimtoi jukumuni ila katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Ama katika vyombo na nguo na bidhaa nyinginezo halimvui dhamana. Je, cherehani ni mnyama? Basi tangazo hilo, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu, haliihalalishi fedha ya kitu kilichopasuka.

Na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kula mali za wenzetu kwa batili, akavua biashara itokanayo na kuridhiana. Mama yule aliridhia cherehani nzima. Hakuridhia chuma kilichopasuka. Pasipo kuridhia hapana biashara.

Jambo la nne: kitu kikivunjika njiani, hasara ni ya nani? Kanuni ya madhehebu yetu ni kuwa kitu kabla hakijakabidhiwa mnunuzi kimo katika dhamana ya muuzaji. Kikiharibika kabla ya kukabidhiwa, mnunuzi ana khiyari. Ama baada ya kukabidhiwa, dhamana imehamia kwake. Swali basi ni moja: aliyekibeba kitu alikuwa wakili wa nani? Ikiwa mnunuzi ndiye aliyemchagua mchukuzi, akasema, "Mpe fulani anipokelee," mkono wa mchukuzi ni mkono wa mnunuzi. Na ikiwa muuzaji ndiye aliyeahidi kukifikisha kitu mpaka Mombasa, akaitafuta gari mwenyewe na nauli akaitia ndani ya bei, basi hajakabidhi mpaka kimefika. Ugomvi mwingi wazuka kwa sababu neno hili halikusemwa mwanzo. Lisemeni! Andikeni katika ujumbe wa simu kabla fedha hazijatoka: nani apeleka, na kikivunjika njiani ni juu ya nani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika. Leo kila mmoja ana kalamu mfukoni mwake, lakini twaandika mzaha usiku kucha, na mapatano ya fedha twayaacha hewani.

Ama mchukuzi, yeye ni mwaminifu aliyepewa amana kwa ujira. Haulizwi kwa lililotokea pasina kosa lake. Lakini akiutupa mzigo ulioandikwa "huvunjika," au akaupachika chini ya magunia, amefanya uzembe, na maandishi ya risiti hayamwokoi mbele ya Mola wake.

Jambo la tano ni wajibu wa mnunuzi. Tusidhani kuwa kila mnunuzi ni mdhulumiwa. Wako wanaovaa nguo siku ya harusi kisha wakadai kuirudisha kesho yake. Wako wanaokiangusha kitu wenyewe wakasema kimefika hivyo. Tena wako wanaolipa kwa simu, wakapokea mali, kisha wakaomba fedha irudishwe kwa kudai kuwa walikosea nambari. Huu ni wizi, hata kama mwizi ameswali Alfajiri kwa jamaa.

Mnunuzi aliyeona aibu yampasa mambo matatu. Kwanza, afanye haraka. Kwa madhehebu yetu haki ya kurudisha yatakiwa idaiwe papo hapo mtu aijuapo aibu, kwa kadiri ya desturi. Akiwa katika swala au chakula amalize, na akijua usiku angoje asubuhi, lakini asikae wiki nzima. Pili, aache kukitumia. Ukishajua kina aibu ukaendelea kukitumia, kutumia kwako ni kuridhia. Tatu, awe na ushahidi. Katika Minhaj imeelezwa kuwa wakigombana juu ya aibu kama ni ya zamani au imetokea kwa mnunuzi, na yote mawili yawezekana, muuzaji ndiye anayesadikiwa kwa kiapo chake. Wengi hawalijui hili! Kwa hivyo ewe mnunuzi, lifungue sanduku mbele ya mtu mwadilifu, na ikiwezekana pale pale ofisini mwa basi, na utie picha katika simu yako tangu kamba haijakatwa. Simu iliyokuingiza katika biashara ndiyo itakayokushuhudia.

Jambo la sita: tukishagombana, twende wapi? Hapa ndipo tulipoona aibu kubwa zaidi kuliko ya cherehani.

Ama Halbadiri, twawauliza ndugu zetu: ni nani aliyewafunza kuwa majina ya watu wa Badri ni fimbo ya kuwapigia wadaiwa? Watukufu wale walipigana ili haki idhihiri, nasi twayatumia majina yao kumtakia nduguye Mwislamu uvimbe na wazimu kabla hatujamuuliza hata swali moja. Mdhulumiwa ana dua yake kwa Mola wake, na dua hiyo haina pazia. Lakini sharia imeweka ushahidi juu ya mwenye kudai, na kiapo juu ya mwenye kukana. Haikuweka ubani wala ada ya msomaji.

Ama kusambaza picha, Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 148, amebainisha kuwa hapendi maneno mabaya kutangazwa, akamvua aliyedhulumiwa. Wanazuoni wameruhusu mdhulumiwa kushtaki kwa awezaye kumpatia haki, na kuwatahadharisha watu na mwenye kudhuru. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Kumwambia ajaye kununua, "Mimi nilipata kadha wa kadha," ni nasaha. Kumwita mtu mwizi kabla ya kuthibitika, ukamtaja mkewe na kabila lake, ni dhambi juu yako, na pengine dhambi hiyo yapita thamani ya cherehani.

Njia iliyo bora ni suluhu. Kila upande utoe mtu mwenye elimu na uadilifu, wakae, wasikilize. Ikishindikana, nchi yetu ina mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kadiri, na kulipwa kwa hasara iliyotokana na kasoro. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, yasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yataka shauri limalizike kwa siku 60. Ama mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba hiyo, haina amri ila katika ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Msiwatese makadhi kwa mashauri ya vyombo. Lakini popote muendapo, kumbukeni hadithi ya Ummu Salama iliyomo katika Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na huenda mmoja akawa fasaha zaidi wa hoja, na aliyekatiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Basi hukumu ya mtu haihalalishi haramu.

Sasa turejee kwa yule mama. Tulimtafuta mzee mmoja wa mtaa wa yule muuzaji, akakaa naye huko Nairobi, nasi tukakaa na mama, tukaunganishwa kwa simu. Muuzaji alikiri kuwa yeye ndiye aliyelichagua basi, na nauli ilikuwa ndani ya bei. Mama alisema kuwa kichwa kimepasuka, na mota pia imekufa. Hapo tukawakumbusha wote wawili uzito wa kiapo. Hatukuwaapisha, kwa kuwa sisi si mahakama. Tuliwauliza tu: mngetakiwa kuapa kwa Mwenyezi Mungu, mngeapa juu ya lipi?

Kukawa kimya. Kisha mama akasema: "Masheikh zangu, mota yafanya kazi. Niliiongeza kwa kuogopa kuwa nikitaja moja sitasikilizwa." Na muuzaji baada ya kusikia hivyo akasema: "Wazee wangu, nami siwezi kuapa kuwa ilikuwa nzima. Sanduku nililipokea limefungwa, nikalipeleka limefungwa. Sikulifungua."

Tazameni, ndugu zetu! Mmoja alizidisha asichokiona, na mwingine alishuhudia asichokiona. Miezi miwili watu wawili walikatiana salamu, na katikati yao hapakuwa na kitu ila maneno mawili ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuyaapia. Baada ya hapo suluhu haikuchukua hata nusu saa. Muuzaji alileta kichwa kingine cha cherehani, na nauli wakagawana nusu kwa nusu. Lakini Idd ilikwisha pita, na vitambaa vya watu vilikwisha rudishwa kwa wenyewe. Hasara ile hakuna aliyeweza kuilipa. Kama neno la kweli lingesemwa siku ya kwanza, mayatima wale wangeiona Idd yao.

Enyi wafanya biashara wa Kiislamu! Hadithi ya Hakim bin Hizam iliyomo katika Bukhari na Muslim yatufunza kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Lifungueni sanduku kabla ya kulipeleka, mkione kitu, mkipige picha, mkitie vizuri. Ondoeni tangazo la "mali ikiuzwa hairudi," au liandikeni kwa uadilifu: "Kitu kizima hakirudi ila kwa kuridhiana, na chenye aibu chapokelewa." Na mwenye kutaka daraja ya juu zaidi, apokee hata cha aliyejuta tu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, mwenye kumvunjia mauzo Mwislamu aliyejuta ameahidiwa kusamehewa kuteleza kwake. Ni nani katika sisi asiyeteleza?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitakase chumo zetu, azifanye ndimi zetu kuwa za kweli wakati wa kuuza na wakati wa kudai, na azikusanye nyoyo zetu juu ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.